Joto na Tope katika Mizani Moja: Mwongozo wa Kukadiria Maji ya Lambo kwa Hisabu

Mvua za kwanza zinaposhuka Ipililo na penginepo mkoani Simiyu, juu ya ardhi iliyokwisha kukwanguliwa na kwato za ng'ombe na ambayo miti yake ya pamba imeng'olewa, maji yaingiayo lamboni huja yamebeba ngozi ya mashamba. Na swali ambalo mwalimu wa hisabati, fundi wa maji au katibu wa jumuiya ya watumia maji huulizwa na wenziwe ni hili: maji haya yatatakata lini, na kabla hayajatakata tuyachote katika kina gani na saa ngapi? Mazoea ya wazee husaidia, walakini kila gharika huja na tope lake na joto lake, na mazoea ya mwaka jana huenda yasifae mwaka huu. Swali hilo lajibika kwa hisabu ambayo kompyuta ndogo, au hata simu yenye jedwali la hisabu, huimaliza kwa muda mfupi, ila sharti mwenye kuiamrisha ajue anachokiamrisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe utakayeiamrisha.

Anza na udongo. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa nchi hizi hupangika kwa mfululizo mmoja kutoka kilele cha kilima hata bondeni, na mfululizo huo akaupa jina la katena. Wasukuma walikuwa wameyapa majina madaraja ya mteremko huo bila kumngoja: luseni, ule mwepesi wa mchanga utokao katika mawe ya matale, juu, itogolo, ule mgumu, chini yake, na mbuga, ule mweusi wenye kunata na kupasuka kiangazi, bondeni kabisa. Kwa mwenye kuhesabu, majina haya ni vipimo. Punje nyingi za luseni huonekana kwa macho, ilhali chembe za ufinyanzi wa mbuga aghalabu hazifiki sehemu 2 za elfu za milimita, kipimo ambacho tangu hapa nitakiita maikroni 2. Malambo mengi ya Usukuma yalijengwa katika Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 na baada yake. Na ukilichunguza lolote kati yao utaona kwamba lile lipokealo maji ya luseni hujaa mchanga upesi lakini maji yake hutakata upesi, na lile lipokealo maji ya mbuga hubaki la kijivu majuma kadha wa kadha.

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote, pima. Chukua chupa ya glasi yenye mdomo mwembamba, ifunge jiwe chini na kizibo chenye uzi juu, uishushe katika kina utakacho, kisha uvute kizibo. Chupa itajaa maji ya kina kile, na kipimajoto ukikitia mara itokapo majini kitakupa joto lake. Fanya hivyo kila nusu mita, alfajiri na alasiri. Fanya kazi hii kutoka katika mtumbwi au gogo la kusimamia, wala usiingie majini kwa miguu, maana kichocho katika malambo ya Usukuma si hadithi. Kwa kujua uzito wa tope, kausha mililita 100 za maji hayo katika sahani uliyokwisha kuipima, na uipime tena kwa mizani ya sonara: kinachozidi, kikizidishwa kwa 10, ndicho kiasi cha gramu katika lita.

Ukubwa wa chembe hupatikana kwa subira. Jaza chupa ndefu iliyo angavu maji ya lambo lenyewe, wala usiyachanganye na maji ya mvua, kwa sababu chumvi iliyomo katika maji ndiyo iamuayo kama chembe zitashikamana au zitaachana. Itikise, iweke kivulini mahali pasipobadilika joto, na uvute maji kidogo kwa mrija kutoka sentimita 20 chini ya uso kwa saa maalumu. Joto likiwa nyuzi 25, baada ya dakika 8 kila punje ya maikroni 20 itakuwa imekwisha kupita hapo ikishuka. Baada ya saa 2 na robo, kila chembe ya maikroni 5. Baada ya saa 14 hivi, kila ya maikroni 2. Tope unalolikuta katika kila mvuto ni la chembe zilizo ndogo kuliko hizo, na tofauti baina ya mvuto na mvuto ndiyo sehemu ya kila ukubwa. Kivuli nimekitaja kwa makusudi: chupa ikipigwa na jua ubavuni, maji ya upande huo hupanda na ya upande wa pili hushuka, na kipimo chako chote huwa bure.

Muda huo umetoka katika kanuni ya George Gabriel Stokes, Mwairelandi aliyefundisha Cambridge, ambaye mwaka 1851 alithibitisha kwamba punje ndogo ikishuka katika maji yaliyotulia, mwendo wake hupatikana kwa kuchukua tofauti baina ya uzito wa meta moja ya ujazo wa madini yake na wa maji, kuzidisha kwa nguvu ya mvutano wa dunia, kuzidisha kwa kipenyo cha punje mara mbili, kisha kugawanya kwa 18 na kwa mnato wa maji. Angalia mambo mawili. La kwanza ni kwamba kipenyo huingia mara mbili, hata punje iliyo ndogo mara kumi huwa nzito ya mwendo mara mia: ya maikroni 20 hushuka karibu meta moja na nusu kwa saa, ya maikroni 2 hushuka sentimita 35 kwa siku nzima. La pili ni kwamba mnato hufuata joto: katika nyuzi 20 ni 0.00100 kwa kipimo cha paskali-sekunde, katika nyuzi 25 ni 0.00089, katika nyuzi 30 ni 0.00080, basi tope lile lile katika maji ya nyuzi 30 hutua kwa kasi inayozidi kwa robo ile ya nyuzi 20. Kanuni hii huvunjika kwa mchanga wenye punje zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao huacha msukosuko nyuma yake, lakini mchanga huo hutua kabla hujamaliza kufunga daftari, na kwa muradi wetu hauna haja ya hisabu nyeti.

Sasa twafika palipo na kiini cha jambo, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Wengi waandikao hisabu za namna hii hulishughulikia joto katika jedwali moja na tope katika jedwali jingine, kana kwamba ni wageni wawili waliolala nyumba mbalimbali. Nami naona kwamba kosa lao huanzia hapo, maana mambo haya mawili hupimwa katika mizani moja, nayo ni uzito wa lita ya maji. Lita ya maji safi katika nyuzi 25 ina uzito wa gramu 997.05, na katika nyuzi 30 gramu 995.65: joto la nyuzi 5 limeiondolea gramu 1.4. Gramu moja ya tope ikiingia katika lita hiyo hufukuza maji yenye ujazo wake, na kwa kuwa madini ya udongo ni mazito kuliko maji kwa mara 2.65, lita huongezeka uzito wa gramu 0.62. Kwa hiyo tope la gramu 2 na robo katika lita hufuta kazi ya nyuzi 5 za joto. Andika kanuni hiyo moja katika safu ya kwanza ya jedwali lako, uzito wa maji safi kwa joto lake na nyongeza ya 0.62 kwa kila gramu ya tope, na yote yatakayofuata yaulize kwanza safu hiyo.

Tazama ifanyavyo kazi. Gharika ya alasiri yaingia lamboni ikiwa na nyuzi 27 na tope la gramu 3 kwa lita, na lambo lenyewe ni safi, lina nyuzi 24. Mtu angedhani maji ya moto yatatanda juu; ila lita ya gharika ina uzito wa gramu 998.4, na lita ya lambo gramu 997.3, basi gharika huzama na kutambaa chini kwa chini, na uso wa lambo huweza kubaki mweupe huku chini kumejaa tope. Siku hupita, punje nene hutua, na tope la maji yale ya chini hupungua. Siku litakapopungua chini ya gramu 1.26 kwa lita, lita yake, iliyo bado na joto lake la nyuzi 27, huwa nyepesi kuliko maji yaliyo juu yake, nayo huinuka ikiwa imekumbatia ufinyanzi ule mwembamba ambao haujapata kutua. Lambo huchafuka juu bila ya mvua mpya, na watu husingizia ng'ombe. Hisabu yenye majedwali mawili yasiyojuana haiwezi kuliona jambo hilo hata ikifanywa na kompyuta kubwa kuliko zote.

Jua nalo hushirikiana na tope. Chukua sahani nyeupe, ifunge kwa kamba, ishushe hata isionekane, na upime kina hicho. Ni njia ya padri Mtaliana Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota, aliyeitumia baharini mwaka 1865. Gawanya 1.7 kwa kina hicho kwa meta, nawe una makadirio ya wepesi wa maji kumeza nuru. Sahani ikipotea katika sentimita 20, jibu ni 8.5, na maana yake ni kwamba sentimita 10 za juu humeza asilimia 57 ya nuru iliyoingia, na katika nusu ya meta haifiki hata sehemu 2 katika 100. Kwa jua la adhuhuri litialo wati 800 katika kila meta ya mraba, tabaka hilo la sentimita 10 lingeongezeka joto kwa karibu nyuzi 4 kwa saa lau lisingepoteza kitu. Katika maji angavu, ambayo jibu lake ni 0.5, lingeongezeka theluthi moja tu ya nyuzi. Basi lambo chafu huvaa mchana kifuniko chembamba cha maji ya moto, na kilicho chini yake hubaki katika ubaridi wa alfajiri.

Usiku mambo hugeuka. Uso hupoteza joto kwa mvuke na kwa kuangaza mbinguni, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na yale ya chini hupanda kushika nafasi yao. Ukichukulia mvuke wa milimita 6 kwa siku, joto liendalo nao ni wastani wa wati 170 kwa meta ya mraba. Ongeza wati 85 za kuangaza na upepo, jumla 255, nayo yalingana na jua la wati 800 la adhuhuri likipungua taratibu hata kuchomoza na kutua, kwa hiyo siku hufunga hisabu zake bila deni. (Mvuke wa kwako upime kwa sufuria pana na rula, usikubali wangu.) Upotevu huo katika lambo la meta 3 huzaa mizunguko yenye mwendo wa karibu milimita 8 kwa sekunde, ambao ni karibu mara 2,000 ya mwendo wa chembe ya maikroni 2 ikishuka. Chembe hiyo haina uwezo wa kushindana na mzunguko huo, nayo hutua pale tu inapofikishwa karibu na sakafu.

Mwisho wa jambo, tofauti baina ya maji yaliyotulia na yaliyochanganywa ni kubwa. Lau maji yangetulia mchana na usiku, lambo la meta 3 lenye chembe za maikroni 2 lingetakata kabisa kwa siku 8 na nusu. Lakini yakichanganywa daima, siku hizo zikiisha tope hubaki asilimia 37, na ili libaki asilimia 10 sharti zipite siku 20. Lambo la kweli, lenye kutulia mchana na kuchanganyika usiku, hukaa baina ya mipaka hiyo miwili, na kwa ufinyanzi wa mbuga hukaa karibu zaidi na mpaka wa pili.

Kujenga hisabu yenyewe si kazi ya kutisha. Ligawe lambo la meta 3 katika matabaka 30 ya sentimita 10, na kila tabaka lipe joto lake na tope lake kwa kila ukubwa wa chembe, tuseme ukubwa wa maikroni 20, 5 na 2. Wakati ugawe katika hatua za dakika 2. Katika kila hatua kila tabaka hupokea sehemu yake ya nuru. Lile la juu hutozwa joto liendalo angani. Kisha kila tabaka hulipa lililo chini yake tope kwa kiasi cha mwendo wa Stokes kwa mnato wa joto la tabaka hilo, na la mwisho hulipa sakafu. Halafu mizani huulizwa kutoka juu kwenda chini, na popote tabaka la juu linapokuwa zito kuliko la chini yake, mawili hayo huchanganywa yawe na joto moja na tope moja, kisha hurudiwa tena kutoka juu hata pasibaki tabaka lililo zito juu ya lililo jepesi. Gharika iingiapo, uzito wa lita yake huamua iwekwe katika tabaka gani. Ni hayo tu. Mwezi mzima ni hatua 21,600, nayo programu fupi ya Python huzimaliza wakati wewe wajaza kikombe.

Hatua za dakika 2 hazikuchaguliwa kwa bahati. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha mwaka 1928 kwamba hisabu ya namna hii huharibika pale kitu kinapovuka zaidi ya tabaka moja katika hatua moja. Punje ya maikroni 20 huvuka sentimita 10 kwa dakika 4 hivi, basi dakika 2 ni salama na dakika 10 ni maangamizi: utaona tope hasi, au tope linalokua lenyewe, na hakuna lambo lenye mambo hayo.

Kabla ya kuyaamini majibu, yajaribu kwa maswali ambayo majibu yake wayajua. Zima jua na usiku, acha chembe za maikroni 2 peke yake: maji yatakate kwa siku 8 na nusu, ingawa ukingo wa maji meupe utakuwa umechakaa, kwa kuwa kila tabaka hudhani tope lake limeenea sawasawa. Kisha lazimisha kuchanganyika katika kila hatua: siku ya 20 ibaki asilimia 10. Fauka ya hayo, jumlisha tope lielealo na lililotua. Jumla isibadilike kamwe isipokuwa gharika imeingia. Joto nalo lifanyiwe hivyo hivyo. Hisabu iliyopoteza gramu moja njiani ina kosa la kuandikwa, hata kama mchoro wake wapendeza, nami nasadiki kwamba nusu ya michoro ya kupendeza ingekoma kuchapishwa lau jumla hiyo ingedaiwa kila mara.

Huenda ukauliza kwa nini tusiifuate kila chembe kwa jina lake. Gramu moja ya chembe za maikroni 2 ina chembe bilioni 90, na hiyo ni lita moja tu ya maji yetu. Kufuata chembe kunafaa pale zilipo chache na kubwa, kama katika bomba la kiwanda, au pale unapochukua chembe moja isimame badala ya mamilioni. Wala usihangaike na masahihisho ya wakubwa pasipo haja: Einstein alionyesha kwamba chembe huongeza mnato wa maji, na kizidisho chake cha 2.5 alikisahihisha mwenyewe mwaka 1911, lakini kwa gramu 3 katika lita ongezeko hilo halifiki hata theluthi moja ya asilimia. Lambo likiwa refu lenye pembe na vijito viwili, safu moja ya matabaka haitoshi, na hapo programu ya OpenFOAM, itolewayo bure tangu mwaka 2004, yaweza kulihesabu kwa pande zote tatu. Hata hivyo usiifungue kabla ya safu yako moja kukubaliana na chupa yako.

Na chupa isipokubaliana, tuhumu kwanza mshikamano wa chembe. Shabu, au unga wa mbegu za mlonge, hufanya chembe zilizokuwa zikikimbiana zishikane mabonge. Bonge la maikroni 50, hata likiwa limejaa maji kiasi kwamba lita ya mabonge matupu ingekuwa na gramu 1,100, hushuka sentimita 57 kwa saa, na ndoo ya kina cha sentimita 30 hutakata kwa nusu saa hivi. Chumvi ya lambo nayo hufanya jambo hilo kwa uvivu zaidi, ikizidi nguvu kadiri mvuke unavyopunguza maji. Kwa hiyo mwendo uliopima chupani ndio wa kutia katika jedwali, na kipenyo kiwe cha kukisia tu. Maji yaliyotakaswa kwa mlonge au shabu yangali na vijidudu, nayo yachemshwe. Na ya mlonge yasilale zaidi ya siku moja.

Limebaki swali la kina na saa. Tokea saa 3 asubuhi, kifuniko cha moto kinapokwisha kukaa, hata saa 10 alasiri, chembe za maikroni 5 hushuka sentimita 64, na za maikroni 2 sentimita 10. Basi nusu meta ya juu huwa imekwisha kuachwa na zile kubwa kabla usiku haujaja kuzirudisha zile ambazo hazijafika sakafuni. Hisabu yaelekeza, kwa siku isiyo na upepo mkali, kuchota alasiri kuliko alfajiri, na kuning'iniza mdomo wa bomba katika chelezo sentimita 30 chini ya uso badala ya kuuacha sakafuni, mahali ambapo gharika ijayo itatambaa. Siku za upepo kifuniko hicho hupasuliwa na mawimbi, na faida ya alasiri hupotea: ishushe basi ile sahani nyeupe kabla ya kufungua bomba, na kina chake kikipungua kuliko cha jana saa ile ile, jaza matangi kesho.